Kutoka Kiungani Hadi Tandika: Matukio Yaliyokipa Kiswahili Sura Yake

Kwa miaka mingi mkazi wa Temeke au Kinondoni, jijini Dar es Salaam, aliyegombea mirathi na nduguye alikumbana na lugha mbili katika shauri moja. Kwenye Mahakama ya Mwanzo alijieleza kwa Kiswahili, mashahidi wakaulizwa kwa Kiswahili, na hakimu akasoma hukumu iliyoeleweka hadi kwa bibi aliyekaa benchi la nyuma. Aliyeshindwa akikata rufaa, shauri lilipanda ngazi, na huko juu kumbukumbu ziliandikwa kwa Kiingereza. Mwenye shauri alitoka na karatasi zenye jina lake, kisha akaanza kutafuta mtu wa kumsomea kama ameshinda au ameshindwa.

Februari 1, 2021, katika kilele cha Siku ya Sheria mjini Dodoma, Rais John Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu, Musoma, kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani, akaeleza hadharani kilichomvutia: jaji huyo alikuwa ameandika hukumu kwa Kiswahili. Mwezi huohuo Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikiachiwa nafasi pale haki inapokihitaji.

Waingereza wenyewe waliwahi kupita njia hiyo. Baada ya Wanormandi kuivamia nchi yao mwaka 1066, mahakama zilikuja kuendeshwa kwa Kifaransa, lugha ya mabwana, na mkulima alisikiliza kesi yake mwenyewe kama mgeni. Ilichukua karibu miaka 300. Mwaka 1362, enzi za Mfalme Edward III, ilipitishwa sheria kwamba mashauri yajadiliwe kwa Kiingereza kwa kuwa watu hawakukielewa Kifaransa. Sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Karne moja baadaye, mwaka 1476, William Caxton alifungua kiwanda cha uchapaji Westminster, na papo hapo akakutana na swali gumu: achape Kiingereza cha wapi? Yeye mwenyewe alisimulia habari ya mfanyabiashara aliyeomba mayai huko Kent, na mwanamke wa nyumba ile akamjibu kwamba hajui Kifaransa, ingawa wote wawili walikuwa wakizungumza Kiingereza. Caxton alichagua usemi wa London na maeneo ya jirani, na chaguo la mchapaji likasaidia kujenga lugha ya taifa.

Swali hilohilo la Caxton liliikuta pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 19, na jibu lake ndilo linalosikika leo kwenye vipaza sauti vya stendi ya Mbagala Rangi Tatu.

Kiswahili chenyewe ni cha kale kuliko mitambo yote ya chapa iliyowahi kutua pwani hii. Magofu ya Kunduchi, wilayani Kinondoni, yana msikiti na makaburi yaliyopambwa kwa vyombo vya kaure kutoka China. Upande wa pili wa mlango wa bandari ya Dar es Salaam, Mbwamaji, kijiji kilichokuwa Temeke kabla Kigamboni haijawa wilaya, ni makazi ya zamani ya Washomvi, watu wa bahari na chumvi. Barua za Kilwa za mwaka 1711 zilizohifadhiwa Goa, India, na Utendi wa Tambuka wenye tarehe ya 1728, zinaonyesha lugha iliyokwisha kuiva, ikiandikwa kwa hati za Kiarabu. Ila ilikuwa lugha ya lahaja nyingi zenye hadhi inayolingana. Lamu ilikuwa na Kiamu chake, Mombasa na Kimvita, Unguja na Kiunguja, na hakuna mshairi wa Lamu ambaye angekubali kusahihishwa na mtu wa Unguja.

Biashara ndiyo iliyoanza kuuvuruga usawa huo. Seyyid Said, mtawala wa Oman, alipohamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, fedha, karafuu, pembe na watumwa vyote vilipitia kisiwani. Misafara ikatoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, ikibeba Kiunguja hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Waliokibeba mabegani, kwa maana halisi ya neno hilo, walikuwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Walijifunza lugha njiani, wakaifundisha vijijini mwao, na hakuna aliyewapa cheti.

Kisha wakaja wamisheni. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la CMS la Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844 na akakijenga Kiswahili chake juu ya Kimvita. Edward Steere wa misheni ya UMCA alifika Unguja mwaka 1864, akakaa na wenyeji, akasikiliza, na mwaka 1870 akatoa kitabu chake cha sarufi ya Kiunguja. Miongoni mwa wanafunzi wa misheni hiyo, waliokuja kuwa na shule yao Kiungani, nje kidogo ya mji, walikuwamo vijana waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, watoto wa Kiyao, Kinyasa, Kimakua na makabila mengine ya bara. Hao ndio waliofundishwa kupanga herufi za chapa. Hao ndio waliotoka baadaye kwenda kufundisha Magila na Masasi. Jambo hili halisemwi vya kutosha: kabla lugha hii haijaitwa sanifu, vitabu vyake vya mwanzo vya hati za Kirumi vilipitia mikononi mwa watoto ambao Kiswahili hakikuwa lugha ya mama zao, na ambao walikipata baada ya kunyang'anywa kila kitu kingine.

Dar es Salaam ilikuwa haijawa kitu wakati huo. Sultani Majid aliuanza mji huo miaka ya 1860 karibu na kijiji cha Mzizima, akafariki mwaka 1870, na majumba yake yakaachwa kwa kunguru na nyasi. Uhai ulirudi mwaka 1891 pale Wajerumani walipohamisha makao makuu ya koloni kutoka Bagamoyo. Utawala wao ulikuwa wa kiboko na kamba ya kunyongea. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 viliacha kusini mwa nchi makaburi na njaa. Katika mambo ya lugha, hata hivyo, walifanya uamuzi mmoja ambao athari zake hazijafutika. Maofisa wao wachache hawakuweza kujifunza lugha zaidi ya 100 za nchi nzima, na hawakutaka wenyeji wengi wajue Kijerumani. Wakachukua Kiswahili. Shule ya kwanza ya serikali ilifunguliwa Tanga mwaka 1892, gazeti la Kiongozi likaanza hukohuko mwaka 1904, na makarani, maakida na askari waliotoka pwani wakatawanywa bara.

Maofisa wa Uingereza waliorithi koloni walikiri wenyewe kwamba Wajerumani waliwaachia nchi ambayo serikali iliweza kumwandikia akida wa mbali barua kwa Kiswahili na kupokea majibu ya maandishi. Wajerumani walisindikizwa na vita, wakaacha nyuma yao maneno mawili, shule na hela.

Vita hivyo vya Kwanza vya Dunia vilileta msukumo mwingine, wenye uchungu mkubwa. Jeshi la Uingereza liliwakusanya wapagazi kwa mamia ya maelfu kutoka Kenya, Uganda, Nyasa na ndani ya Tanganyika yenyewe. Makumi ya maelfu walikufa kwa kuhara, malaria na njaa, wengi bila kaburi lenye jina. Waliokusanyika kambini hawakuwa na lugha nyingine ya kuulizana maji yako wapi. Kambi yao Dar es Salaam iliachia eneo lile jina la kikosi chao, Kariakoo, na leo mamilioni hulitaja wakienda kununua vitenge na vyombo.

Baada ya hapo likaja tukio ambalo kila mwanafunzi wa isimu analijua na wananchi wengi hawajawahi kulisikia. Mwaka 1925 mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam chini ya Gavana Donald Cameron ulizungumzia lugha moja ya kufundishia. Juni 1928 wajumbe kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar walikutana Mombasa, na mtaalamu Mjerumani Carl Meinhof akiwapo. Wamisheni wa Mombasa walikitetea Kimvita, lugha ya washairi wakubwa na ya Biblia yao. Kiunguja kikashinda. Kilikuwa na vitabu vya Steere, kamusi za mmisheni mwenzake Madan, na eneo kubwa zaidi la wasemaji lililoachwa na misafara pamoja na utawala wa Wajerumani.

Januari 1, 1930, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi, na katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Kitabu cha shule kilichopelekwa kwao kilirudi na masahihisho, na bila idhini yao hakikuingia darasani. Kamusi zao zilitoka mwaka 1939. Kazi yao ilikuwa kubwa na haipaswi kubezwa. Bila tahajia moja, mtoto wa Kigoma na wa Tanga wasingesoma kitabu kimoja. Lakini ukweli wake mwingine nao usemwe. Waliokaa mezani kuamua jinsi Mswahili aandike lugha yake walikuwa Wazungu watupu, na miaka mingi ilipita kabla Waafrika hawajakaribishwa kuwa wajumbe. Wapo wazee wa Mombasa na Lamu ambao hadi leo huizungumzia hukumu ya 1928 kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa shamba, na wana haki ya kusikilizwa.

Kamati iliweza kuamua tahajia. Watu wa kuizungumza lugha hiyo kila siku, kutoka asubuhi hadi usiku, ilibidi watoke kwingine, na hapa ndipo Temeke na Kinondoni zinapoingia.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Kariakoo na Ilala zilikuwa zimefurika. Serikali ya kikoloni, iliyoupanga mji kwa rangi za ngozi, ilipima viwanja vipya vya Waafrika Temeke, Magomeni na Kinondoni. Watu wakaja kutoka Rufiji, Songea, Mahenge, Morogoro, Lindi, Tabora. Wakajenga, au wakapanga, katika nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na nyuma ya nyumba ua wenye jiko, kisima au bomba, na choo cha wote. Chumba kimoja kina familia ya Kingoni, cha pili Mzaramo mwenye mji, cha tatu Mmatumbi aliyefika jana, cha nne Mnyamwezi kuli wa bandarini. Moto wa mkaa, zamu ya kufagia, mtoto wa mwenzio anayelia, ugomvi wa ndoo na upatanisho wa baada ya ugomvi, yote hayo yanahitaji lugha, na lugha ya kabila lolote kati ya hayo ingewafungia wengine nje. Mtoto aliyezaliwa katika ua ule akawa Mswahili wa lugha kabla hajajua baba yake ni wa kabila gani.

Mabadiliko haya hayakuandikiwa kumbukumbu za kikao. Wataalamu huyaeleza kwa kutaja sera na matamko, na ni sahihi, lakini ua wa Tandika ulifanya kazi ambayo tamko haliwezi kuifanya: ulizalisha watu wanaoota ndoto kwa Kiswahili.

Siasa ikayakuta hayo yakiwa tayari. TANU, chama cha kupigania uhuru, ilipoundwa Julai 7, 1954, mwalimu wa Pugu aliyechaguliwa kuiongoza, Julius Nyerere, alikuwa ametoka Edinburgh na angeweza kuzungumza Kiingereza siku nzima. Mwaka 1955 aliacha ualimu, na akaja kuishi Magomeni, katika nyumba ambayo sasa ni makumbusho. Mikutano iliendeshwa kwa Kiswahili, na alipozunguka nchi mara chache sana alihitaji mkalimani. Aliyewavuta wanawake wa Dar es Salaam kwa maelfu alikuwa Bibi Titi Mohamed, mwenye elimu ya shule ya msingi, mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Vikundi vya lelemama na bomba vilikuwa tayari vina viongozi, wanachama na nidhamu. Bibi Titi alivigeuza kuwa matawi ya harakati. Ufasaha wake wa jukwaani ulikuwa wa mtaani, wa mafumbo na majibizano, na uliwafikia watu ambao hotuba ya kisomi ingewapita. Mwaka 1951 redio nayo ilikuwa imeanza, Sauti ya Dar es Salaam, na baadaye ikapeleka lafudhi ya mji huu kila penye betri.

Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, bendera mpya ilipandishwa katika Uwanja wa Taifa, ambao uko Temeke na sasa unaitwa Uwanja wa Uhuru. Mwaka uliofuata, nchi ilipokuwa jamhuri, Rais alilihutubia taifa kwa Kiswahili. Mwaka 1963 ilitoka tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, kana kwamba anamjibu yeyote aliyedhani lugha hii haiwezi kubeba mawazo mazito. Na mwaka 1967 yakaja matukio mfululizo: mwezi Januari Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, aliagiza Kiswahili kitumike katika ofisi za serikali, Azimio la Arusha likafuata mwezi Februari, shule za msingi zikaanza kufundisha masomo yote kwa Kiswahili, na Bunge likaunda Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA.

Ile kamati ya kikoloni nayo ilikuwa imegeuka, mwaka 1964, kuwa chuo cha uchunguzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Wataalamu wake Watanzania walitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, kamusi inayoeleza Kiswahili kwa Kiswahili. Msamiati ulikuwa umeacha kutazama Uarabuni na Ulaya peke yake: makazi ya Rais yalipewa jina la Kisukuma na Kinyamwezi, ikulu.

Mchango wa Temeke ulivuka hata mipaka ya nchi. Kurasini, karibu na bandari, FRELIMO ilikuwa na taasisi yake ya kuwasomesha vijana wa Msumbiji waliokimbia Wareno. Chama hicho kilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962, na viongozi wake waliishi hapa miaka mingi. Joaquim Chissano alikuwa mmoja wao. Mwaka 2004, akiwa Rais wa Msumbiji, alisimama mbele ya Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa na kuhutubia kwa Kiswahili, na wakalimani wakabaki wameduwaa kwa kuwa hawakuwa wamejiandaa kwa lugha hiyo. SADC ilikikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne katika mkutano wa Dar es Salaam mwaka 2019. Mwaka 2021 UNESCO ikaitangaza Julai 7, siku ile ile ya kuzaliwa TANU, kuwa Siku ya Kiswahili Duniani.

Wakati huo mitaa ilikuwa inaendelea na kazi yake. Sensa ya 1967 ilikuta Dar es Salaam ina watu takribani 270,000. Ile ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilimezwa na Mbagala, Tandika, Manzese, Tandale, Mwananyamala na mitaa iliyofuata nyuma yake. Mwaka 1983 mabasi ya watu binafsi yaliporuhusiwa, makonda wakaanza kutunga msamiati wa njiani ambao haukusubiri kikao. Soko la utangazaji lilipofunguliwa miaka ya 1990, vijana waliokuwa wakiiga rapu ya Marekani waligundua kwamba vina vya Kiswahili vinawatosha. Temeke ikafupishwa kuwa TMK, ikawa jina la kundi la TMK Wanaume, na sauti ya msanii wake Juma Nature ikafanya usemi wa uswahilini usikike hadi Nairobi, Bujumbura na Goma. Walimu wengi walilalamika. Wangefaa kusikiliza kwa makini zaidi, kwani vijana hao walikuwa wakifuata mizani, vina na majibizano, mambo yaleyale ambayo malenga wa pwani waliyapenda karne tatu zilizopita.

Limebaki tukio moja ambalo halijatokea, na linawagusa watoto wa mitaa hii kuliko hukumu za Mahakama Kuu. Mtoto wa shule ya serikali ya Mbagala au Tandale husoma hesabu na sayansi kwa Kiswahili kwa miaka yote ya shule ya msingi. Akifaulu na kuingia Kidato cha Kwanza, masomo hayohayo yanageuka kuwa ya Kiingereza, lugha asiyoisikia nyumbani, sokoni wala msikitini au kanisani. Aliyekuwa akinyoosha mkono sasa ananyamaza. Anakariri ubaoni asichokielewa, na mwalimu, ambaye naye alipitia njia hiyohiyo, anaeleza kwa Kiswahili mlango ukiwa umefungwa. Wenye uwezo wameshapeleka watoto wao shule za kulipia zinazofundisha kwa Kiingereza tangu chekechea.

Mwaka 1982 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili ifikapo mwaka 1985, na vyuo vikuu vifuate mwaka 1992. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Sera ya elimu iliyozinduliwa Februari 2015 iliandika kwamba lugha ya taifa itatumika kufundishia katika ngazi zote, na darasani hali haikubadilika. Wale waliotarajiwa kuwa wanafunzi wa kwanza wa Kidato cha Kwanza cha Kiswahili, mwaka 1985, sasa wamevuka miaka 50. Wengine wana wajukuu shuleni, Mbagala na Tandale, na Januari inapofika huenda kuwanunulia daftari za masomo ambayo wao wenyewe waliyasoma bila kuyaelewa.